Kupakia kerneli mpya kwa kexec: mwongozo wa machaguo yake uandikweje?

Msomaji mmoja anayetunza seva za kampuni ya uwakala wa forodha huko Shimanzi, Mombasa, ameniuliza hivi:

"Assalaam aleikum. Seva zetu ni kubwa, na tukiziwasha upya hukaa muda mrefu kabla hata Linux haijaanza. Siku hizi tunatumia programu ya kexec kuingia kwenye kerneli mpya, yaani kiini kipya cha Linux. Bosi ameniagiza niandike mwongozo wa Kiswahili kwa wenzangu wa zamu ya usiku, lakini nikiangalia kexec --help nakuta machaguo chungu nzima. Je, niyaeleze yote? Halafu, tofauti ya -e, -f na kuacha bila chaguo ni ipi, maanake naona yote yanaishia kwenye kerneli mpya? Na kuna lolote ambalo watu wa zamu hawafai kuachiwa?"

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Naanza na swali lako la pili, kwa kuwa ukilielewa hilo, la kwanza litapata jibu lenyewe.

Mashine ikiwashwa upya kwa njia ya kawaida, famweya (programu ya msingi iliyo kwenye ubao wa mashine) huanza upya kabisa: hukagua RAM, huamsha vidhibiti vya diski, huamsha kadi za mtandao moja baada ya nyingine, kisha humkabidhi GRUB, programu ya kuwashia, na GRUB ndiye anayeita kerneli. Kwenye seva yenye RAM nyingi na diski nyingi, hatua hizo za mwanzo ndizo zinazokula dakika. Kexec, ambayo Eric Biederman aliiandika na ikaingizwa ndani ya Linux 2.6.13 mwaka 2005, huziruka zote. Kerneli inayofanya kazi huiweka kerneli mpya ndani ya RAM, kisha hujiondoa na kuiachia mashine. Famweya haiulizwi, GRUB haiulizwi.

Kwa hiyo kazi ni mbili, na mwongozo wako uzitenganishe tangu ukurasa wa kwanza: kupakia, na kuruka. Kontena kupandishwa melini Kilindini si meli kung'oa nanga. Ukiandika kexec -l umepakia tu. Seva inaendelea kuhudumia watu, hifadhidata inaendelea kuandika, wala hakuna anayegundua kitu. Ukibadili mawazo, kexec -u huondoa ulichopakia na mambo yanabaki yalivyokuwa. Hadi hapo hakuna hatari. Hatari yote iko kwenye kuruka, na hapo ndipo yale matatu uliyoyataja yanapoachana.

Amri kexec -e huruka papo hapo kuingia kwenye kerneli iliyokwisha kupakiwa. Haiiti shutdown. Husukuma kwenye diski data iliyokuwa bado ndani ya RAM, hushusha violesura vya mtandao, basi, inaruka. Huduma hazielezwi kwamba wakati umefika. Mifumo ya faili haishushwi kwa utaratibu. PostgreSQL au MySQL ikiwa inaendesha, itaamka upande wa pili kana kwamba umeme ulikatika, na itaanza kujitengeneza kutoka kwenye kumbukumbu zake. Aghalabu itafaulu, kwa sababu imejengwa kustahimili hilo, lakini anayejaza hati ya mzigo saa nane usiku hakujua kwamba anajaribiwa.

Amri kexec -f hufanya yaleyale, ila hupakia na kuruka kwa mkupuo mmoja. Hakuna nafasi katikati ya kukagua kama ulichopakia ndicho ulichokusudia. Ukikosea jina la faili na likatokea kuwa jina la kerneli nyingine iliyopo, utajua ukiwa umeshafika huko.

Ukiacha vyote viwili, yaani ukiandika kexec na faili ya kerneli na initrd yake (faili ya draiva za mwanzo) tu, programu hupakia kisha huita shutdown -r now. Huduma huzimwa kwa mpangilio, mifumo ya faili hushushwa. Kama mwisho wa safari hiyo utakuwa mruko wa kexec au uwashaji upya wa kawaida, inategemea jinsi toleo lako la Linux lilivyopangwa kuzima. Ndiyo maana sipendi njia hii iwe kwenye mwongozo wa zamu: matokeo yake hayaonekani kwenye amri yenyewe. Kwenye mashine yenye systemd, programu inayosimamia huduma, iko njia iliyo wazi zaidi, nayo ndiyo ningeiweka kuwa ya kila siku:

kexec -l /boot/vmlinuz-TOLEO --initrd=/boot/initrd.img-TOLEO --reuse-cmdline
cat /sys/kernel/kexec_loaded
systemctl kexec

Mstari wa kwanza unapakia. Wa pili unauliza: ukijibiwa 1, kuna kerneli imepakiwa, ukijibiwa 0, hakuna, usiendelee. Wa tatu unazima huduma zote kwa adabu, kisha unaruka. (Majina ya initrd hapo ni ya Debian na Ubuntu; kwa ukoo wa Red Hat faili huitwa initramfs-TOLEO.img, kwa hiyo andika lile lililoko kwenye mashine zenu, si langu.)

Sasa rudi kwenye swali lako la kwanza. Usiyaeleze yote, wala usiyapange kwa herufi. Anayetaka orodha kamili anayo man 8 kexec, na wewe huna haja ya kushindana nayo. Mtu wa zamu ana mahitaji mengine: anataka kujua, akibonyeza Enter, ni nini kitapotea na ni nini kitabaki. Kila chaguo unaloliingiza lieleze linachofanya, halafu, kwa uzito uleule, lisichofanya. Miongozo mingi huishia kwenye la kwanza, na hapo ndipo watu huumia. Hivi ndivyo ningeliandika moja, kama mfano wa kuiga:

kexec -e, jina refu --exec
Huruka mara moja kuingia kerneli iliyopakiwa kwa -l. Huandika data ya RAM kwenye diski na kushusha mtandao kabla ya kuruka. Haizimi huduma, haishushi mifumo ya faili, haiulizi "una hakika?". Ukiwa umeingia kwa SSH (kutoka mashine nyingine), dirisha lako litaganda. Ni kawaida, subiri, kisha ingia tena. Ikisema "Nothing has been loaded!", hujapakia chochote; rudi hatua ya kwanza. Tumia systemctl kexec badala yake, isipokuwa systemd yenyewe imekwama.

Ona hiyo sentensi ya SSH. Inaonekana ndogo, lakini ndiyo itakayomzuia mwenzako asiitikise mashine iliyo sawasawa. Mtu akiona dirisha limeganda na mwongozo haukumwonya, atampigia fundi simu, na fundi kama anakaa Likoni atapanda feri usiku kuja kubonyeza kitufe cha umeme ambacho hakikuhitaji kubonyezwa. Andika atakachokiona kwenye skrini, andika na muda ambao kwa mashine yenu ni wa kawaida, mkiwa mmeupima wenyewe.

Katika machaguo yote, linalohitaji maelezo marefu kuliko jingine lolote ni mstari wa vigezo unaokabidhiwa kerneli mpya. Kerneli haijui mfumo wa faili wa mzizi uko wapi mpaka iambiwe, na kwa kawaida GRUB ndiye huiambia. Kwa kuwa kexec imemruka GRUB, wewe ndiye unayechukua kazi yake. Chaguo --append="..." huipa kerneli mpya maneno yale tu uliyoyaweka ndani ya alama za nukuu, hakuna kingine. Haliongezi juu ya vigezo vya sasa. Watu huandika --append="quiet" wakitarajia mengine yabaki, na kerneli inaamka bila root=, inatafuta diski ya mzizi, haioni, inaanguka na ujumbe wa "Unable to mount root fs". Mashine iko kwenye chumba kilichofungwa, skrini haina mtu, SSH haijibu.

Chaguo --reuse-cmdline ndilo linalochukua vigezo vya sasa, vile unavyoviona kwenye /proc/cmdline, na ukiliweka pamoja na --append ndipo maneno yako yanaunganishwa mwishoni mwa vile vya zamani. Kwa zamu ya usiku weka kanuni moja isiyo na mjadala: --reuse-cmdline kila mara. Anayetaka kubadilisha vigezo afanye hivyo mchana, akiwa karibu na mashine. Usisahau --initrd pia. Kerneli za Debian, Ubuntu na Red Hat hutegemea initrd kupata draiva za diski na LVM (mfumo wa kugawa diski). Ukiiacha, utaishia kwenye anguko lilelile la mzizi usioonekana.

Mtego mwingine uko kwenye mfano unaozagaa kila mahali, ule wenye /boot/vmlinuz-$(uname -r). Hiyo uname -r hurudisha toleo la kerneli inayoendesha sasa hivi. Kama lengo lenu ni kuingia kwenye mpya iliyowekwa jana, mfano huo utawarudisha kwenye ileile ya zamani, tena bila kosa lolote kwenye skrini. Mtu ataona mashine imeruka, imerudi, ataandika kwenye daftari "imefanyika", na tundu la usalama mlilotaka kuliziba bado liko wazi. Katika mwongozo, hatua ya mwanzo iwe ls /boot, na ya mwisho uname -r, pamoja na jibu linalotarajiwa.

Kuna na jambo la mpangilio ambalo hata wenye uzoefu hulipita. Chaguo -x huzuia kexec isishushe violesura vya mtandao kabla ya kuruka, lakini linafaa kuwekwa mwisho kabisa. Sababu yake ni rahisi: programu husoma machaguo kutoka kushoto kwenda kulia, na -e yenyewe, inaposomwa, huwasha upya ule ushushaji wa mtandao. Ukiandika kexec -x -e, ile -e imeifuta -x yako kimyakimya. Ukiandika kexec -e -x, imebaki. Kama mwongozo wenu unaitaja -x, andika mfano mzima wa amri; kutaja jina la chaguo peke yake hakutoshi. Kama hamuitumii, iache nje.

Chaguo -p ni ukoo tofauti, na ningelipa sura yake lenyewe. Hupakia kerneli ya dharura, ile itakayochukua mashine endapo kerneli kuu itaanguka, ili hali ya RAM ihifadhiwe na mafundi waichunguze baadaye kupitia /proc/vmcore. Inahitaji RAM iliyotengwa tangu mashine kuwaka, kwa kigezo cha crashkernel= kwenye GRUB, mathalan crashkernel=256M. Ukisoma /sys/kernel/kexec_crash_size ukapata 0, hakuna kilichotengwa na -p haitafaulu. Kerneli hiyo hairukiwi kwa -e, hungoja anguko. Kwa mtu wa zamu la muhimu ni kujua ipo au haipo, kupitia /sys/kernel/kexec_crash_loaded, na asichanganye -p na -l. Amri ya kuijaribu kwa kuiangusha kerneli makusudi kupitia /proc/sysrq-trigger isiingie kabisa kwenye kurasa za zamu.

Kuhusu -s: hapa kerneli inayoendesha husoma yenyewe faili ya kerneli mpya na inaweza kukagua saini yake, badala ya programu ya kexec kuiandaa na kuikabidhi ikiwa tayari. Njia hiyo iliingia kwenye Linux 3.17, mwaka 2014. Mashine zilizowashwa na Secure Boot (ukaguzi wa saini wakati wa kuwaka), kerneli ikiwa imejifunga, hukataa njia ya zamani na kujibu "Operation not permitted" hata kama wewe ndiye mtumiaji mkuu. Mwenzako akiuona ujumbe huo atadhani amesahau sudo. Mwandikie: jaribu kwa -s, ikikataa tena, kerneli hiyo haina saini inayokubalika, simama hapo. Matoleo ya kexec-tools hayafanani katika njia gani hutangulia pasipo kuambiwa, kwa hiyo juu kabisa ya mwongozo weka jibu la kexec -v kutoka kwenye mashine zenu.

Yale mengine, --mem-min, --mem-max, --console-serial, --dtb na wenzao, yapite. Mengine ni ya aina fulani tu za vichakataji, mengine ni ya watu wanaotengeneza kerneli. Mstari mmoja wa "tazama man 8 kexec" unatosha.

Kabla sijafika kwenye swali lako la tatu, neno juu ya namna ya kuuandika mwongozo wenyewe, kwa sababu mwongozo mzuri unaweza kuharibiwa na programu ya kuandikia. Word na wenzake hugeuza vistari viwili kuwa kistari kimoja kirefu, na nukuu zilizonyooka kuwa za kupinda. Macho hayaoni tofauti, gamba la Linux (programu inayosoma amri) linaiona. Mwenzako atanakili, atabandika, na kexec itamwambia haielewi. Andika kwenye faili la maandishi matupu. Vilevile usitumie alama za < na > (mabano ya pembe) kuzunguka sehemu za kujazwa, kama kurasa nyingi za man zinavyofanya: mtu aliyechoka atazibandika kama zilivyo, na gamba litazichukulia kuwa amri ya kusoma au kuandika faili. Herufi kubwa, kama TOLEO nililolitumia hapo juu, zikibandikwa kimakosa hazidhuru kitu. Faili halitapatikana na amri itakataa.

Weka pia ukurasa wa mashine moja moja. Kexec haiwashi vifaa upya kwa umeme, kwa hiyo kadi fulani za mtandao au za picha hubaki katika hali ambayo draiva mpya haiitarajii, na huamka vibaya au haziamki. Hilo halitabiriki kwa kusoma. Hujulikana kwa kujaribu. Andika seva ipi imejaribiwa, na kerneli ipi, na ipi ni marufuku kurukwa. Na kama mnachosasisha ni famweya yenyewe, kexec haisaidii, kwa kuwa ndiyo inayorukwa. Hapo lazima mashine iwashwe upya kikamilifu.

Sasa, watu wa zamu waachiwe nini? Mimi ningewaachia systemctl kexec na kexec -u kwa moyo mkunjufu, -e kwa sharti kwamba systemd imekwama, na -f nisingeiweka kwenye kurasa zao. Wala si kwamba siwaamini. Bandari inafanya kazi saa 24, kwa hiyo kwenu hakuna saa ya usiku ambayo kosa halina mwenye kuumia, na -f haina mlango wa kurudi.

Kama kampuni inataka uhakika zaidi, fundi wa mchana apakie kerneli kwa -l, akague, kisha aendeshe sysctl kernel.kexec_load_disabled=1. Kuanzia hapo hakuna anayeweza kupakia kitu kingine, wala kukiondoa kilichopo, na kigezo hicho hakirudishwi kuwa 0 mpaka mashine iwake upya. Kuruka bado kunaruhusiwa. Mtu wa zamu, wakati wa utulivu ukifika, anabakiwa na amri moja tu ya kuandika. Ila ile kerneli ya dharura ya -p iwe imepakiwa kabla ya kufunga, maana nayo itazuiwa.

Mambo mawili uyaandike kwa herufi nzito kando ya utaratibu huo. Kwanza, kilichopakiwa kinakaa kwenye RAM. Umeme ukikatika na jenereta ikachelewa, kimepotea, na mashine itaamka kupitia GRUB na kerneli yoyote ambayo GRUB imepangiwa. Kexec haigusi mpangilio huo, kwa hiyo fundi wa mchana auweke sawa siku hiyohiyo. Pili, matoleo mapya ya systemd, yakikuta kuna kerneli imepakiwa, hugeuza hata systemctl reboot ya kawaida kuwa mruko wa kexec. Anayetaka kuwasha upya kikamilifu, kwa mfano baada ya kusasisha famweya, atangulize kexec -u. Na kama ule mlango wa kupakia umefungwa, -u nayo itakataa, basi aendeshe SYSTEMCTL_SKIP_AUTO_KEXEC=1 systemctl reboot, na mstari huo uwe umeandikwa tayari kwenye mwongozo, asiutafute saa tisa za usiku.